Kipande cha Kijani Pale Manga

Ninyi mnaoanza kazi ya nyasi siku hizi mna mashine zinazowaka kwa kubonyeza kitufe, na hilo ni jambo jema. Mgongo wangu ungeipata mashine kama hiyo mapema, leo nisingekuwa naamka nikishika ukuta. Lakini kuna mambo ambayo mashine haitawaambia. Mengi hujitokeza mwanzo wa kiangazi, Desemba ikielekea kwisha, mvua inapokatika ghafla. Huku kwetu Kisii na Nyamira watu wamezoea mvua, kwa hiyo likipiga jua la wiki mbili tu, simu zinaanza.

"Mama Nyaboke, njoo haraka, nyasi zangu zinakufa."

Hazifi. Zinalala. Nimesema maneno hayo mara nyingi mpaka binti yangu Nyaboke alikuwa akiniigiza jikoni. Anayepiga simu huwa ni mtu anayetoka nyumbani alfajiri kwenda ofisini au dukani na kurudi jioni. Anataka uwanja wa kijani, lakini nafasi ya kuuhudumia hana. Mtu kama huyo msimwongezee kazi, mpunguzieni. Mwambieni asikate fupi. Jua likianza kuwa kali, acha nyasi zifike urefu wa vidole vinne, zijifunikie udongo zenyewe. Ulizozikata usizizoe kama ni fupi, zitaoza hapo hapo na kuwa chakula. Na maji, usinyunyize kila siku kama unayebariki waumini. Mwagilia mara moja kwa wiki, asubuhi, mpaka bisibisi iingie ardhini hadi kwenye mpini bila kusukumwa sana. Mizizi hufuata maji. Ukiyaweka juu tu, mizizi itabaki juu, na jua litaichoma.

Tena noeni kisu cha mashine. Kisu butu hakikati, kinararua, na baada ya siku mbili uwanja mzima unakuwa na ncha nyeupe kama ndevu za mzee.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ombui, aliyekuwa akitunza nyasi za nyumba za wakubwa wa kiwanda kimoja cha chai. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, na alitembea bila viatu akiwa kazini. Alisema mguu unajua mambo kabla ya jicho. Nilipomaliza miezi yangu ya kujifunza na kuanza kutafuta kazi zangu mwenyewe, aliniambia neno moja tu.

"Kabla hujapiga jembe kwenye boma la mtu, uliza nani yuko hapo."

Nikadhani anazungumzia mbwa. Kwa kweli niliamini hivyo kwa miaka miwili, na kila nilipofika mahali niliuliza, "Mna mbwa?" Mzee Ombui aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mbwa atabweka mwenyewe. Nasema wale ambao hawabweki." Sisi Wagusii tunazika watu wetu nyumbani, karibu na milango yao. Hapo ndipo nilipomwelewa.

Nilimwelewa, na bado nilikosea. Makosa mengine yangu ni ya kuchekesha. Niliwahi kumwaga mbolea kwa mkono nikiwa na haraka katika uwanja wa padri mmoja, na baada ya wiki nyasi zikaungua kwa mstari uliopinda huku na huku kama njia ya mlevi. Padri aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeonja divai. Lakini kosa la Manga sijawahi kulichekea.

Mtu mmoja alinipigia simu kwamba anauza shamba la marehemu baba yake, chini ya mgongo wa kilima cha Manga, na anataka uwanja upendeze kabla wanunuzi hawajaja. Nyumba ya zamani ilikuwa imeshabomolewa, na mti mkubwa wa avokado umekatwa mpaka kwenye shina. Nilifika na magunia yangu ya nyasi za kupanda. Mahali ulipokuwa mlango wa nyumba ya zamani palionekana bado, kizingiti cha saruji kilikuwa hapo. Na upande wa kushoto ukitoka mlangoni kulikuwa na mawe matatu yamepangwa mstari, kila moja ukubwa wa kichwa cha mtoto, na ardhi mbele yake imebonyea kidogo.

Kushoto ukitoka mlangoni. Mimi ni Mgusii, nimezaliwa na kuolewa huku. Najua mwanamke wa boma huzikwa upande gani.

"Na haya mawe?" nilimwuliza yule muuzaji.

"Ya kuanikia vyombo hayo. Toa."

Hakunitazama alipojibu. Nilipaswa kuuliza tena. Sikuuliza. Niliyatoa mawe, nikayapanga kwenye ukingo wa maua pamoja na mengine, nikajaza udongo pale palipobonyea, nikasawazisha kwa reki, nikapanda. Kazi ilitoka safi. Muuzaji alisifu, na mimi nikajisifu. Sikumwambia Mzee Ombui.

Shamba lilinunuliwa na Bosibori na mumewe Ondieki. Bosibori alifanya kazi ofisini Nyamira, Ondieki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini. Walijenga nyumba nzuri nyuma kidogo ya ile ya zamani, na walipouliza ni nani aliyepanda uwanja ule, wakaelekezwa kwangu. Kwa hiyo nikawa narudi pale kila baada ya wiki mbili. Mara nyingi nilikuta wameshaondoka, ufunguo wa stoo uko chini ya ndoo, na nilifanya kazi peke yangu.

Kiangazi cha kwanza kilipofika, uwanja wote uligeuka rangi ya kahawia, kama nilivyowaambia ungegeuka. Isipokuwa kipande kimoja. Kilikuwa na urefu wa mtu na upana wa kitanda chembamba, pembe zake zimenyooka, kijani kibichi kama Aprili.

Ninyi mliosoma mtanieleza, na mtakuwa sahihi. Udongo uliochimbwa kwenda chini sana huwa mlaini, unashika maji, na mizizi inashuka. Nimeona hivyo juu ya mashimo ya vyoo vya zamani, nimeona juu ya mitaro ya mabomba. Kwa hiyo mkiona kipande kama hicho mjue kwamba hapo pamechimbwa, kabla ya kumruhusu mtu kuegesha gari juu yake. Hilo ni somo la kazi, lishikeni. Lakini somo hilo halikunisaidia niliposimama pale peke yangu saa nne ya asubuhi, kwa sababu mimi nilijua ni kaburi lililochimbwa pale, na nilijua ni nani aliyelificha.

Mashine ilikuwa ikizimika pale. Si kila siku, ila mara nyingi kiasi cha kunifanya nibadilishe plagi, nisafishe tanki, na mwisho nibebe mashine nyingine ya kuazima. Hiyo ya kuazima nayo ikazimika. Nikaanza kukata kipande kile kwa mkasi, nimepiga magoti, na nilijiambia ni kwa sababu ya unadhifu.

Halafu kulikuwa na viti. Bosibori na Ondieki ni Wasabato, na Sabato alasiri waliwakaribisha watu wa kanisa wakae nje kwenye nyasi. Siku moja nilipita kurudisha mkasi niliokuwa nimeubeba kwa makosa, nikakuta watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Wanaongea, wanacheka, watoto wanakimbia. Na pale kwenye kipande hapakuwa na kiti hata kimoja. Viti vilikizunguka pande zote nne, na wale waliokaa karibu walikuwa wamevuta miguu yao ndani, kama watu waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Wengi wao ilikuwa mara yao ya kwanza kufika. Hata mtoto aliyekuwa akikimbiza mpira alifika pale, akazunguka.

Nikamwona Bosibori ananitazama. Alikuwa ameona ninachokiona. Akageuza uso na kumimina chai.

Asubuhi ya Jumatatu moja nilifika mapema, umande haujaondoka. Uwanja mzima ulikuwa mweupe kwa umande, haujakanyagwa na mtu wala kuku. Pale kwenye kipande umande ulikuwa umefutika. Nyasi zimelala upande mmoja, kama mahali ambapo mtu amejilaza kisha akaamka. Nilitafuta nyayo za kwenda na za kutoka. Nilizunguka mara mbili nikiwa nimeinama. Hazikuwepo. Niliweka mkono juu ya nyasi zile. Zilikuwa na joto.

Siku ile sikukata nyasi. Nilikaa kwenye ngazi ya stoo hadi jua likapanda, kisha nikaondoka.

Mwaka uliofuata, Januari, mzee mmoja alikuja. Nilikuwa nanoa kisu kwa tupa. Nilipoinua macho alikuwa amesimama nje ya geti, kofia mkononi, koti la zamani lililofuliwa vizuri. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alinisalimu kwa Kigusii, nikaitikia.

"Mama, samahani. Hapa palikuwa kwa baba yangu," alisema. "Naitwa Osoro. Nilitoka hapa nikiwa na miaka tisa. Mama yangu alipokufa, mjomba alinichukua, na baadaye nikafanya kazi kwenye chai Kericho maisha yangu yote. Sasa nimepumzika. Natafuta tu mahali alipolazwa."

"Wenyewe wako kazini," nikasema.

"Sitaki kuwasumbua wenyewe. Nataka kujua tu. Palikuwa na mawe matatu. Niliyabeba mwenyewe kutoka mtoni, moja moja. Na palikuwa na mti wa avokado, kutoka kwenye mti ni hatua kumi na moja. Hatua za mtoto, lakini."

Aliangalia ndani, akitafuta mti. Mti haukuwepo. Nyumba haikuwepo. Alichoona ni uwanja mpana wa kahawia, na kutoka getini ukingo wa maua ulikuwa unakificha kile kipande.

Akaniuliza, "Wewe hujaona mawe kama hayo?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nimefanya kazi hapa tangu mwanzo na sijaona kaburi. Nilisema hivyo mawe yake yakiwa hatua nne nyuma yangu, yameshikilia udongo wa maua.

Alinishukuru. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alinishukuru, akavaa kofia, akashuka njia ya miguu polepole. Kwa nini nilimdanganya? Niliogopa kupoteza kazi. Niliogopa jina langu lingetembea kutoka Manga hadi Kiogoro kwamba Mama Nyaboke huondoa makaburi. Na niliogopa uwanja ule. Niliona kwamba nikitamka neno, kitu kilichokuwa kikilala pale kitaketi.

Alirudi kiangazi kilichofuata. Getini pale pale, kofia mkononi, amekonda. Safari hii hakuuliza kitu. Alisimama akitazama kwa muda mrefu, midomo yake ikihesabu. Mimi nilijifanya nashughulikia mashine mpaka akaondoka. Nilipoenda kukata kile kipande, nikajikata kidole. Damu ilidondoka kwenye nyasi, nikaifuta kwa kitambaa kama mwizi.

Wiki ile ile Bosibori alinisubiri nyumbani asubuhi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama Nyaboke, tunataka kuchimba tanki la maji chini ya ardhi," alisema. "Ondieki ameshazungumza na watu wa tingatinga. Wanakuja Alhamisi."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole bila kutazama. "Pale panapobaki kijani. Fundi amesema lazima pana maji."

Nikamwambia, "Mama, pale pasichimbwe."

Hakushangaa. Alikaa kwenye ngazi, na suti yake ya ofisini, akanishika mkono nikae pia. "Niambie," akasema. "Nimeishi hapa miaka mitatu na sijawahi kukanyaga pale bila viatu. Nikitoka mlangoni asubuhi kichwa chenyewe kinageuka kushoto, kama mtu aliyeitwa. Ondieki ananicheka. Mimi ni mtu wa maombi, siamini mizimu. Lakini niambie nini kipo pale."

Nikamwambia yote. Mawe, muuzaji, udongo niliojaza, Osoro, uongo wangu mara ya kwanza na kimya changu mara ya pili. Nilitegemea anifukuze. Alilia kidogo, si kwa hasira, nadhani ni kwa kutua mzigo. Kisha akauliza, "Huyo mzee tutampata wapi?"

Sikujua. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu nyingine, hofu ya kawaida kabisa: kwamba tumechelewa. Mtu niliyemwona getini alikuwa mgonjwa. Bosibori alimpigia Ondieki, na tingatinga likasimamishwa. Mimi nilizunguka siku mbili kwa pikipiki, nikauliza Manga yote, nikashuka hadi Nyaramba. Sokoni Nyaramba muuza ndizi mmoja aliniambia kuna mzee wa Kericho anaishi kwa mpwa wake, hatoki siku hizi, kifua kinamsumbua.

Nilimkuta amekaa juani, blanketi mabegani. Alinitambua.

"Wewe ni mama wa nyasi," akasema.

"Omogaka," nikamwambia, kwa heshima ya mzee kwetu, "nilikudanganya. Mama yako yupo. Najua mahali."

Alivua blanketi, akatafuta kofia yake. Ondieki mwenyewe ndiye aliyekuja kutuchukua na gari, na hata yeye hakucheka siku hiyo. Tulifika saa sita, Bosibori akitungoja getini, jua limesimama juu, hakuna kivuli popote. Uwanja wote umekauka, unalia kama karatasi chini ya viatu. Osoro alishuka, akatafuta lile shina la avokado lililooza, akasimama juu yake. Kisha akaanza kutembea hatua fupi, fupi sana, mzee mzima akitembea hatua za mtoto wa miaka tisa. Tulimsikia akihesabu kwa Kigusii. Hakuwa ameambiwa ni wapi, na mimi sikuwa nimenyoosha kidole. Hatua ya kumi na moja ilimsimamisha kwenye ukingo wa kijani.

Upepo haukuwepo. Nyasi za kipande kile zilikuwa zimelala upande wa mlangoni, kama zilivyolala siku zote. Na mbele ya macho yetu wanne zikaanza kuinuka. Polepole, kama zinavyofanya mtu akiinua mguu uliozikandamiza kwa muda mrefu. Bosibori alinishika mkono kwa nguvu, kucha zake zikaingia. Ondieki alivua kofia.

Osoro alipiga magoti. "Baba," akaita. Msiokuwa Wagusii msichanganyikiwe. Kwa lugha yetu mtoto akiita "baba" anamwita mama yake. "Baba, ni mimi."

Tulisogea kando, akakaa pale muda mrefu. Tuliporudi karibu, nilikuwa nimekwisha kuyabeba mawe matatu kutoka kwenye maua. Niliyaweka mbele yake, moja moja.

"Nani aliyatoa?" akauliza.

Ningeweza kumtaja yule muuzaji, ambaye kumbe alikuwa ndugu yake wa mama mwingine. Ondieki alikuwa ameshafungua mdomo.

"Mimi," nikasema. "Kwa mikono hii."

Aliitazama mikono yangu. Akauliza, "Na nyasi hizi, nani hukata?"

"Mimi."

"Kwa mashine?"

"Mashine hukataa. Nakata kwa mkasi, nikiwa nimepiga magoti."

Akapitisha kiganja juu ya nyasi taratibu, kutoka upande wa mawe kwenda chini, kama unavyopapasa kichwa cha mtu aliyelala.

"Basi ni wewe," akasema, "ambaye miaka yote hii umekuwa ukimnyoa mama yangu."

Alininyooshea mkono nimsaidie kuinuka, lakini hakuinuka. Alinivuta chini, nikapiga magoti kando yake, akaomba nimpe mkasi. Aliushika vibaya, kwa mikono ya mtu wa kuchuma chai. Nikamwonyesha: kidole gumba hapa, makali yalale, usibane. Alikata kidogo upande wake, nami nikakata kwa kisu changu cha mfukoni upande wangu, jua likituchoma migongo, mpaka tulipokutana katikati.